Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

KILA mwaka upepo wa kaskazi uanzapo kuvuma mwezi Desemba, mafundi wa viyoyozi mjini Mombasa huwa hawana usingizi. Simu huanza kulia alfajiri kutoka Nyali, Tudor, Kizingo na Bamburi, na ombi huwa ni lile lile: chumba hakipoi, njoo uongeze gesi.

Fundi hufika kwa bodaboda akiwa amepakata mtungi mmoja na geji moja. Hupapasa bomba, hutikisa kichwa, kisha hutoa hukumu. "Gesi imekwisha, mama." Nusu saa baadaye ubaridi hurejea, malipo hutolewa na kila mmoja huenda zake akiwa ameridhika. Kaskazi ya mwaka unaofuata, mambo hujirudia vivyo hivyo.

Tatizo zima limejificha katika kauli hiyo fupi ya fundi. Gesi ya kiyoyozi haiishi. Si mafuta ya gari yanayochomwa safarini, wala si mtungi wa jikoni unaokwenda kujazwa kila mwezi. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba yasiyo na mlango, na humo huzunguka kwa uhai wote wa mashine bila haja ya kuongezwa, maadamu mabomba ni mazima. Ikipungua, imevuja. Anayeongeza nyingine bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Ameahirisha hasara, na huenda ameikuza.

Kwa miaka mingi hasara hiyo ilihesabiwa kwa shilingi tu. Siku hizi sivyo. Gesi zinazotiwa ndani ya mashine hizi zinabadilishwa kwa mujibu wa mikataba ya kimataifa ambayo ratiba zake tayari zinatekelezwa, na baadhi ya gesi mpya hushika moto. Swali la ni lini mwenye nyumba ajitegemee na ni lini amwite fundi aliyehitimu limekuwa swali la usalama wa watu wanaolala ndani ya chumba hicho.

Ili kuelewa ishara za ugonjwa, ni vyema kufahamu mashine yenyewe hufanya nini. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto. Gesi ikiwa katika hali ya majimaji huingia kwenye koili iliyo ndani ya chumba, nayo huchemka hapo kwa kufyonza joto la hewa. Kompresa iliyo nje huivuta gesi hiyo, huikandamiza, kisha koili ya nje hulitupa joto barabarani. Majimaji hurudi ndani, na safari huanza upya.

Mashine hiyo ikigeuzwa mwelekeo, hufyonza joto la nje na kuliingiza ndani. Huko Ulaya huitwa pampu ya joto, na Wakenya wanaoishi England na Wales wanaifahamu kwa sababu ya ruzuku ya serikali ambayo Oktoba 2023 iliongezwa hadi pauni 7,500 kwa nyumba inayoacha kutumia bwela la gesi. Kifaa cha kumkinga mtu wa Leeds na theluji na kile cha kumkinga mtu wa Likoni na jasho ni ndugu wa toka nitoke, na maradhi yao ni mamoja.

Barafu ndiyo ishara inayowadanganya wengi. Mtu huona utando mweupe kwenye bomba au nyuma ya chujio, akafurahi kwamba mashine yake inapoza kupita kiasi. Ukweli ni kinyume. Gesi ikipungua, shinikizo ndani ya koili hushuka. Shinikizo likishuka, gesi huchemka katika halijoto iliyo chini ya sufuri, na unyevu wa hewani, ambao Pwani haukosekani, hugandia hapo hapo. Barafu nayo huziba njia ya hewa. Chumba huzidi kufukuta ilhali mashine inazidi kuganda.

Hata hivyo, barafu iyo hiyo huweza kuletwa na chujio lililojaa vumbi, kwa kuwa koili isiyopata hewa ya kutosha nayo huganda. Hapa mwenye nyumba ana la kufanya kabla hajapiga simu. Aache feni peke yake izunguke kwa saa kadhaa, bila kupoza, hadi barafu yote iyeyuke. Aoshe chujio kwa maji, alikaushe kivulini, alirudishe, kisha awashe mashine kama kawaida. Barafu ikirejea na chujio ni safi, suala si usafi tena. Hapo ni fundi, na mashine izimwe hadi atakapofika.

Kuizima si ushauri wa woga. Kompresa hupozwa na gesi ile ile inayorudi kutoka ndani. Gesi ikiwa haba, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi huku ikipata ubaridi mchache zaidi, hadi nyaya zilizo ndani yake ziungue. Kompresa ndiyo moyo wa mashine na ndiyo sehemu iliyo ghali kuliko zote. Ikishakufa, aghalabu mwenye nyumba huambiwa ni heri anunue kiyoyozi kipya.

Kuna kipimo kisichohitaji ila kipimajoto cha bei nafuu. Mashine ikishafanya kazi kwa robo saa, ikiwa imewekwa kwenye ubaridi wa mwisho, mtu apime hewa inayoingia kwa juu na ile inayotoka kwa chini. Kwa kawaida tofauti huwa kati ya nyuzi 8 na 11, na huweza kuwa pungufu kidogo mahali penye unyevu mwingi. Ikiwa ni nyuzi tatu au nne tu, chujio ni safi na milango imefungwa, kuna kasoro isiyoweza kuponywa kwa rimoti.

Shahidi mwingine ni mita ya tokeni. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kikipoza kwa nguvu zote hula takriban kilowati moja. Kikiwa kizima hufikia ubaridi uliotakiwa, kisha hupumzika au hupunguza kasi. Kikiwa kigonjwa hakifiki, hivyo hakipumziki. Kwa saa kumi za usiku, mashine inayopumzika nusu ya muda hutumia uniti tano hivi, na isiyopumzika hutumia kumi. Familia ambayo tokeni zake zinaisha upesi ilhali matumizi hayajabadilika, na chumba hakina ubaridi wa maana, imekwishapewa jibu na mita yake.

Wapo wanaosema viyoyozi ni anasa ya mabwanyenye. Dai hilo halikubaliani na hali ilivyo. Mashine hizi zimo katika maduka ya dawa, vyumba vya wagonjwa, vibanda vya kutolea pesa na nyumba za kupanga za watu wa kipato cha kadiri, na wanaoumia zaidi joto likipanda ni wazee na watoto wachanga.

Pwani ina adui wake wa pekee, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembechembe zake hadi kwenye koili ya nje, ambayo imetengenezwa kwa mabomba ya shaba yaliyoshikanishwa na mapezi membamba ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi hulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Mapezi hugeuka unga mweupe, joto hushindwa kutoka, na viungio huanza kutoa jasho la mafuta.

Doa la mafuta kwenye kiungio cha bomba ni miongoni mwa ishara za kuaminika kuliko zote, kwani gesi husafiri pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa, na inapotorokea huacha alama. Mwenye nyumba anaweza kuliona kwa macho. Asichoweza ni kuliziba.

Nyumba zilizo karibu na ufuo hufaidika sana koili ya nje ikioshwa mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, yatiririke taratibu kama ya bomba la bustani, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Mashine za kuoshea magari hazifai kabisa. Nguvu ya maji yake hulaza mapezi yote.

Dalili za upande wa umeme hazina mjadala. Kenya Power husambaza umeme wa volti 240 majumbani, lakini mkazi yeyote anajua kwamba volti hizo hupanda na kushuka. Umeme ukiwa dhaifu, kompresa huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hujaribu kuanza huku shinikizo la awali halijatulia, ikakwama. Ndiyo sababu kifaa cha kinga kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, kama kile cha friji, kina thamani kuliko bei yake.

Swichi ya usalama ikijizima mara moja baada ya umeme kurejea, huenda ni kisa cha kupita. Ikijizima mara ya pili, haifai kuinuliwa tena. Harufu ya plastiki inayoungua, waya uliobadilika rangi, au mashine inayonguruma bila feni ya nje kuzunguka, yote hayo yanamaanisha izimwe kwenye swichi kuu na iachwe. Anayetaka kufungua kifuniko cha nje ajue kwamba humo mna kapasita, kikopo kidogo kinachohifadhi umeme hata baada ya mashine kuchomolewa, nacho kimewatikisa mafundi wenye uzoefu.

Maji yanayodondoka ukutani kwa kawaida ni bomba la kutolea maji lililozibwa na kuvu au mdudu, na harufu ya soksi chafu ni ukungu kwenye koili. Ni karaha, si hatari ya usiku huo.

Sasa gesi zenyewe. Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Kenya iliiridhia mwaka wa 1988, ilikusudiwa kuokoa tabaka la ozoni, na sekretarieti yake iko papa hapa Gigiri, Nairobi. Gesi ya R-22, iliyojaza viyoyozi vya nchi hii kwa miongo, ni miongoni mwa zinazoondolewa. Kwa ratiba ya nchi zinazoendelea, matumizi ya kundi hilo yalitakiwa kupungua kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka wa 2025, na kwa asilimia 97.5 kufikia 2030, kiasi kidogo kikibakizwa kwa ajili ya kuhudumia mashine kuukuu.

R-410A ndiyo iliyoirithi. Haidhuru ozoni, lakini hutia joto duniani. Ndipo mwezi Oktoba 2016 mataifa yalipokutana mjini Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza kundi hilo nalo. Nchi zilizo katika fungu la Kenya zilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka wa 2024, kupunguza asilimia 10 kufikia 2029, na asilimia 80 kufikia 2045.

Maana yake kwa mwenye nyumba wa Changamwe ni kwamba mtaa mmoja sasa una mashine za gesi tatu au nne zisizopatana. R-410A ina shinikizo linalozidi lile la R-22 kwa zaidi ya nusu. Ikitiwa kwenye mashine ya zamani, mabomba na kompresa hubebeshwa mzigo ambao hazikuundwa kuubeba. Mafuta ya kulainisha ya moja hayachanganyiki na gesi ya nyingine. R-32, iliyojaa katika mashine nyingi mpya, huwaka ingawa si kwa urahisi. R-290 si kingine ila propeni, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, na huwaka kwa cheche ndogo.

Mashine iliyoundwa kwa ajili ya R-290 ni salama, kwa kuwa kiasi chake kimepimwa kwa uangalifu na swichi zake zimewekwa zisitoe cheche penye gesi. Hatari huzuka fundi anapoitia kwenye mashine ya R-22 kwa sababu ni rahisi na inapoza vizuri. Inapoza, kweli. Lakini fundi atakayekuja mwaka wa pili na tochi ya kulehemu hataarifiwa kilichomo ndani.

Mji wa bandari kama Mombasa una sababu ya kukumbuka yaliyotokea mwaka wa 2011. Kontena za kusafirishia vyakula baridi, zilizokuwa zimehudumiwa nchini Vietnam, zililipuka na kuua watu watatu, huko Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulibaini kuwa zilitiwa gesi bandia iliyochanganywa na methili kloridi. Kemikali hiyo ilikula alumini iliyokuwemo na kuzaa kitu kinachowaka pindi kikutanapo na hewa. Mtungi ulionekana halali, na maandishi yake yalikuwa halali.

Haitakuwa haki kuwabebesha mafundi wa mtaani lawama zote. Wengi wao walijifunza kazi kwa kumfuata fundi mkubwa, wakibeba ngazi miaka miwili kabla ya kushika geji, na wanaijua mikono yao. Soko ndilo linalowapotosha. Kutafuta tundu na kuliziba huchukua nusu siku. Kuongeza gesi huchukua nusu saa. Mteja anapolinganisha bei mbili hizo, huchagua ya pili, kisha hulalamika mwaka unaofuata. Fundi mwaminifu anayesisitiza kutafuta tundu huonekana mwizi, na asiye mwaminifu huonekana mwenye huruma.

Sheria haijakaa kimya kabisa. Kanuni za mwaka wa 2007 zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira huweka gesi zinazoharibu ozoni chini ya udhibiti wa NEMA. Fundi wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA. NITA nayo hutahini mafundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Nchini Marekani na katika Muungano wa Ulaya, hata hivyo, asiye na cheti cha gesi hizi haruhusiwi kuufungua mfumo wake, na mteja hulijua hilo. Hapa ni nadra mteja kuuliza. Yeyote anayeomba cheti cha NITA kabla ya kufungua mlango hutazamwa kama mtu mwenye kiburi.

Ipo njia nyingine ya kumtambua anayejua kazi, nayo ni kumtazama akifanya. Aliyehitimu husoma kwanza kibandiko cha mashine, ambako jina la gesi na uzito wake vimeandikwa. Hutafuta tundu kwa povu la sabuni au kwa kifaa cha kunusa gesi. Hujaribu mabomba kwa naitrojeni. Kamwe hatumii oksijeni ya mtungi wa kulehemu, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Akishaziba, huunganisha pampu ya kufyonza hewa na unyevu wote, akangoja. Mwishowe huweka mtungi juu ya mizani na kutia gramu zilizoandikwa, si zaidi.

Anayetia gesi kwa kupapasa bomba, akisubiri lipate ubaridi unaomridhisha, anakisia. Gesi iliyozidi nayo huua kompresa.

Wakati wa kumwita mtu wa namna hiyo ni Septemba au Oktoba, kusi inapolegea na kabla kaskazi haijashika. Wakati huo ana nafasi ya kukaa nusu siku kwenye nyumba moja. Mwezi Februari, akiwa na nyumba tisa zinazomsubiri, hata fundi bora hushawishika kuongeza gesi na kuondoka.

Kisha kuna siku ambayo mashine haitengenezeki tena. Hapo ndipo mnunuzi wa vyuma vikuukuu hufika na mkokoteni, akaipindua uani na kulikata bomba kwa koleo ili apate shaba. Mlio wa kufoka husikika kwa sekunde chache. Kama ni ya R-410A na bado imejaa, kilichotoka ni karibu kilo moja, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hutia dunia joto sawa na tani mbili za kaboni dayoksaidi. Fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi angeweza kuirudisha mtungini ikatumika tena, nayo R-22 inazidi kuadimika sokoni. Hakuna aliyempigia simu, kwa kuwa kwa hesabu ya wenye nyumba gesi ilikuwa imekwisha.